Wamalize Marge Angali na Sauti Yake

Nataka The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani ya familia ya akina Simpson, imalizike. Imalizike na msimu wa 40, mwaka 2029, pale mkataba wa sasa unapokoma, na Fox, televisheni inayoionyesha, wasiongeze hata msimu mmoja juu yake. Nayasema haya nikiwa mtu ninayeipenda katuni hii tangu 2009, na Disney+, huduma ya kutazama kwa mtandao, ninaendelea kuilipia kila mwezi kwa sababu yake peke yake.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani. Naishi Portland, jimbo la Oregon, na kazi yangu ni kutunza wazee. Nawaogesha, nawavisha, nawapa dawa kwa saa yake, na muda mwingi kuliko yote nakaa nikiwasikiliza. Ukifanya kazi hii miaka mingi, sikio linajifunza mambo. Sauti ya mtu ikianza kuchoka, pumzi hukatika kabla sentensi haijaisha. Baadaye maneno yenye nguvu hulegea, na mtu humeza mate katikati ya neno kama anayepanda ngazi. Nikiwa ukumbini, mlango umefungwa, najua nani amelala vibaya. Kwa hiyo nikisema sauti ya Marge, mama wa familia ile ya katuni, imechoka, msinielewe kwamba namkejeli mtu. Nasema nilichosikia.

Mji huu na katuni hii ni ndugu. Matt Groening, aliyeibuni, alizaliwa Portland 1954 na kukulia mtaa unaoitwa Evergreen Terrace, jina lilelile la mtaa wa akina Simpson. Baba yake mzazi aliitwa Homer, mama Margaret, na kati ya dada zake wamo Lisa na Maggie. Ukitembea upande wa kaskazini-magharibi mwa mji utapita barabara ya Flanders, ya Kearney, ya Lovejoy, ya Quimby: yule jirani mcha Mungu wa kwenye katuni, yule mtoto mkorofi wa shule, yule mchungaji, yule meya. Mwaka 2021 walifungua daraja la waenda kwa miguu na baiskeli juu ya barabara kuu pale Flanders, wakaliita Ned Flanders Crossing. Ndilo ninalovuka nikienda kazini asubuhi. Mwanangu alipoliona mara ya kwanza alisimama katikati yake akampigia simu rafiki yake.

Mwanangu ndiye aliyeniletea katuni hii ndani ya nyumba. Tulifika huku akiwa na miaka 10, sawasawa na Bart, mtoto wa kiume wa akina Simpson. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi ya Tanga, na darasani alikuwa akikaa kimya. Jioni alikuwa anakaa mbele ya televisheni, mvua ya Portland inapiga dirisha, ananitafsiria: "Mama, huyu baba anafanya kazi kwenye mtambo wa nyuklia, lakini analala kazini." Mimi nilikuwa nadhani ni katuni ya watoto. Nilikuwa napita tu kuelekea jikoni.

Siku iliyonikalisha ilikuwa ya sehemu iitwayo And Maggie Makes Three, ya Januari 1995. Homer, yule baba, anaacha kazi kwenye mtambo kwa sababu madeni yameisha, anakwenda kufanya kazi anayoipenda kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi, na kwa mara ya kwanza tunamwona akiwa na furaha kazini. Kisha Marge anashika mimba ya Maggie, mtoto wao wa mwisho. Mshahara hautoshi. Homer anarudi kwa bosi wake wa zamani, Mr. Burns, anaingia kwa mlango wa waombaji, na Burns anambandikia ukutani bango la kumkumbusha kwamba atakaa hapo milele. Ndipo tunaambiwa kwa nini nyumbani hakuna picha hata moja ya Maggie: Homer amezipeleka zote kazini, amezibandika juu ya lile bango, akaziba herufi moja moja mpaka zilizobaki zinasomeka "fanya kwa ajili yake." Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni. Sikuondoka pale kwenye kiti mpaka mwanangu alipoamka kuniuliza kama kuna msiba nyumbani.

Ndiyo katuni ninayoizungumzia. Anayeijua kwa vipande vya kuchekesha vya kwenye simu, vile vinavyodai kwamba ilitabiri mambo, hajaijua.

Ilianza kama michoro mifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, Aprili 1987. Sehemu ya kwanza ya nusu saa ilionyeshwa 17 Desemba 1989, ya Krismasi, ambapo Homer hana fedha ya zawadi na mwisho wa usiku anarudi nyumbani na mbwa aliyeshindwa mbio. Mwaka 2018 ilipita sehemu 635 za Gunsmoke, tamthilia ya kale iliyokuwa imeshikilia rekodi ya Marekani ya wingi wa sehemu kwa tamthilia za jioni. Leo zimezidi 790. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Krismasi leo ana umri wa kuwa baba wa Bart.

Ukitaka kuanza kuitazama, anza msimu wa 3 uende hadi wa 8. Hapo sina cha kupunguza. Msimu wa 4 una ile sehemu ya mgomo, Last Exit to Springfield: Burns anataka kufuta bima ya meno ya wafanyakazi, Homer anachaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi kwa kuwa amegundua kwamba binti yake Lisa atahitaji vyuma vya meno. Burns anazima umeme wa mji mzima. Wafanyakazi wanaimba gizani, Lisa na gita lake. Mimi bima ya meno niliipata mwaka wangu wa sita hapa, na niliponunua miwani na kuziba jino ndani ya mwezi mmoja nilikumbuka wimbo ule. Tazama pia Lisa's Substitute ya 1991, mwalimu wa muda anapoondoka kwa treni na kumwachia Lisa karatasi iliyoandikwa tu kwamba yeye ni Lisa Simpson. Na Mother Simpson ya 1995, Homer anaagana na mama yake aliyemdhani amekufa, kisha anakaa juu ya gari akitazama nyota huku majina ya waliotengeneza yanapita. Hakuna mzaha unaokuja kuivunja kimya ile. Walimwacha akae.

Jambo moja kuhusu Disney+ kabla sijasahau. Walipoanza Novemba 2019, sehemu za zamani walizikata juu na chini ili zijaze televisheni pana za siku hizi, na mizaha ikakatwa nayo. Kuna pahala Homer anatembelea kiwanda cha bia ya Duff, matangi matatu yameandikwa majina matatu tofauti, na ukiangalia juu unaona yote yanatoka bomba moja. Picha ilipokatwa, bomba likapotea, yakabaki matangi tu. Watu walilalamika, na Mei 2020 wakaweka njia ya kurudisha picha ilivyokuwa. Ingia kwenye maelezo ya kipindi uzime kile kitufe cha picha iliyotanuliwa. Utapata kiza pembeni mwa kioo, lakini utapata na bomba.

Baada ya hapo ni bonde refu. Wapenzi wengi huonyesha kidole Septemba 1997, msimu wa 9, pale tulipoambiwa kwamba Mwalimu Mkuu Skinner si Skinner, ni mtu mwingine aliyechukua jina la askari mwenzake. Mimi sikuudhika na siri yenyewe. Kilichoniudhi ni mwisho: mji unaamua kwamba jambo hilo lisitajwe tena, Skinner wa kweli anafungwa kwenye treni na kuondoshwa, na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Tangu hapo nikaanza kuona kwamba ndani ya Springfield, mji wa akina Simpson, hakuna kinachogharimu kitu. Kuna misimu ambayo Homer anageuka mtu katili, anapiga kelele, anaumia, anaamka. Misimu hiyo mwanangu alikuwa anaitazama huku anafanya hesabu za shule, naye hakuwa anakosa kitu.

Lakini siwezi kusema kwamba misimu ya karibuni ni mibaya. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Tangu Matt Selman aanze kusimamia uandishi wa sehemu nyingi, kuna kazi nzuri imerudi. Mei 2022 msimu wa 33 uliisha kwa Poorhouse Rock, ambamo Bart anaambiwa kwa nyimbo kwamba maisha ya baba yake, mtu asiye na digrii mwenye nyumba ya ghorofa, magari mawili na mshahara mmoja, yeye hatayapata. Nilinyamaza nilipoitazama ile. Mwaka 1989 akina Simpson walichorwa kama familia inayohangaika. Sisi tulikuwa watu wazima wawili tukifanya kazi tatu, na nyumba kama yao hapa Portland tuliiona kwa nje. Mwanangu ana kazi ya maana Seattle na bado anapanga chumba na wenzake wawili. Waandishi waliliona hilo na walilisema waziwazi. Kwa hiyo hoja yangu haisimami juu ya ubovu. Watu husema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii haijapasuka. Ngozi imelegea, mara mojamoja wanaisogeza motoni ikakaza, ikalia vizuri usiku mmoja, kisha ikalegea tena.

Hoja yangu ni sauti.

Marge anaigizwa na Julie Kavner, aliyezaliwa 1950. Ndiye pia dada zake wawili, Patty na Selma. Homer ni Dan Castellaneta, Bart ni Nancy Cartwright, wote wa 1957. Mr. Burns na Flanders ni Harry Shearer, wa 1943. Watu hawahawa tangu mwanzo. Sauti ya Marge ilikuwa na mkwaruzo tangu siku ya kwanza, hilo ndilo lililomfanya awe Marge: yule mama anayeguna kooni badala ya kugombana. Sasa mkwaruzo umekula sauti. Tazama sehemu ya 1993 na ya mwaka jana usiku mmoja, kama nilivyofanya mimi. Kwenye ile ya zamani anaanza sentensi na kuimaliza kwa pumzi moja. Kwenye hii mpya nasikia pale anapotafuta hewa. Nasikia mwisho wa maneno unavyodondoka. Ni kitu ninachokisikia kazini kila siku, na nikikisikia kazini huwa nasogeza kiti karibu na kumwambia mzee wangu apumzike, tutaongea baadaye.

Kwetu pwani tulimsikiliza Bi Kidude mpaka uzeeni kabisa, hadi alipofariki Zanzibar 2013. Sauti ile ilikwaruza, ilitetemeka, na hakuna aliyetaka anyamaze, kwa sababu uso nao ulikuwa na mikunjo yake na mkono ulioshika ngoma ulikuwa na mishipa yake. Uliyemwona ndiye uliyemsikia. Marge hajapewa haki hiyo. Nywele za buluu zimesimama vilevile, uso ni wa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto bado ni mdogo vilevile. Koo ni la bibi. Siku hizi namtazama Marge akimpikia Bart na ninachofikiria ni yule mwanamke mbele ya maikrofoni, kwamba angepewa maji.

Hili la sauti katuni yenyewe imeshawahi kulijibu, na ililijibu kwa heshima. Phil Hartman alipouawa 1998, wahusika wake hawakupewa mtu mwingine, waliondoka naye. Marcia Wallace, aliyekuwa Bi Krabappel, mwalimu wa Bart, alipofariki Oktoba 2013, mwalimu naye aliondoka. Bart aliandika ubaoni, mara moja tu, kwamba watamkumbuka kweli. Miezi michache baadaye Flanders, aliyekuwa amemwoa, akaonekana na kitambaa cheusi mkononi akiota anacheza naye dansi. Hayo ndiyo maziko. Ila siku hizi njia imebadilika. Pamela Hayden alistaafu 2024, na Milhouse, rafiki wa Bart, akapewa sauti nyingine. Hayden alikuwa na haki ya kupumzika, na aliyempokea anajitahidi. Mabadiliko ya 2020 nayaunga mkono pia, waliposema wahusika wasio Wazungu hawataigizwa tena na waigizaji Wazungu, ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini Milhouse ni wa pembeni. Siku itakapofika zamu ya Marge watafanya nini? Hawawezi kumwondoa, nyumba yote imesimama juu yake. Watampa mtu mwingine aige ule mguno.

Kuna mahali ambapo Homer alishawahi kupewa sauti nyingine na nchi nyingine. Binamu yangu anaishi Muscat, ndiye aliyenisimulia. Mwaka 2005, Ramadhani, televisheni ya Kiarabu ya MBC walianza kuonyesha Al Shamshoon, The Simpsons kwa Kiarabu. Homer akaitwa Omar, bia ikawa soda, baa ya Moe ikaondolewa, na sauti akapewa Mohamed Henedi, mchekeshaji mkubwa wa Misri ambaye watu wa nyumba ile walikuwa wanampenda. Walikaa baada ya futari kumsubiri. Binamu yangu anasema watoto walicheka siku mbili tatu, wakubwa wakauliza huyu ni nani. Haikufika mbali. Henedi hakuwa na kosa lolote. Mtu aliyechorwa kwa rangi njano haji na mwili wala harufu. Ana mchoro na ana sauti, basi. Ukichukua kimoja umechukua nusu ya mtu.

Nimeongea na wenzangu kazini juu ya hili, na wako wanaoniambia nisiitazame tu, niwaachie wanaoitaka. Wengine wanasema kuna ajira za watu, waandishi Los Angeles, wachoraji Seoul, na hiyo ndiyo hoja pekee inayonifanya nisite, maana mimi ni mtu wa mshahara na najua mwezi usio na mshahara una siku ngapi. Ndiyo maana nasema 2029. Aprili 2025 Fox waliongeza misimu minne kwa mpigo. Kuna sinema ya pili imetangazwa kwa 2027. Muda wa kujipanga upo, kwa mchoraji na kwa kila mtu.

Wao wenyewe wanaizunguka habari hii. Septemba 2024 msimu wa 36 ulifunguliwa kwa sehemu iliyojifanya ya mwisho, mchekeshaji Conan O'Brien akiwa mwenyeji, mashine imeandika mwisho wa kila mtu katika Springfield, na Bart anakataa kutimiza miaka 11. Nilicheka sana. Halafu Mei 2025 msimu huohuo ukafungwa kwa sehemu ya siku zijazo ambamo Marge amekufa na watoto wake hawaongei. Homer analia kaburini. Simu yangu ilijaa ujumbe siku zilizofuata, watu wakidhani ameuawa kweli, hadi Selman akaeleza kwamba yale ya siku zijazo ni ya kubuni na hubadilika kila mara. Msimu uliofuata Marge alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa nimelia. Katika kazi yangu nimewafunika shuka watu wengi, na nilimlilia Marge kwa dhati, kisha nikarudishiwa chozi langu nikaambiwa halikuwa na kazi.

Al Jean, aliyeisimamia miaka mingi, aliwahi kusema angependa mwisho uungane na mwanzo, familia irudi kwenye ile Krismasi ya 1989, iwe duara. Ni wazo zuri kwa karatasi. Mimi silitaka. Duara lina maana kwamba Bart hatatoka darasa la nne milele. Mwisho ninaoutaka tayari waliwahi kuukaribia: Holidays of Future Passed, Desemba 2011, iliyotengenezwa Jean akiwa msimamizi na akijua huenda ndiyo ya mwisho. Bart na Lisa ni watu wazima wenye watoto, wamekaa kwenye nyumba ya juu ya mti usiku, wanaongea habari za kulea. Homer ni babu aliyeacha pombe. Marge ana mvi. Sauti na uso vilikutana usiku ule, na nilipoisikiliza tena juzi sikusikia uchovu hata kidogo. Nilimsikia bibi akiongea kama bibi.

Nipeni hiyo mara moja zaidi, nusu saa, isifutwe wiki inayofuata. Marge mwenye mvi, Julie Kavner akisema maneno machache kwa pumzi aliyonayo, asilazimishwe kupaza.

Mwanangu na mimi tuna desturi. Jumapili saa mbili usiku yeye Seattle, mimi hapa, tunaweka simu kwenye spika na kuwasha pamoja. Tumekubaliana kuanza tena msimu wa 3, sehemu moja kwa wiki, pamoja na ile mpya inapotoka. Jumapili iliyopita kwenye ile mpya Marge alitulia katikati ya sentensi, sekunde moja tu, na mwanangu akasema kwenye simu, "Mama, umesikia?" Nikamwambia nimesikia.